Kiraka, Kalafati na Mlango Usiofungwa: Maoni kuhusu Usalama wa Programu Huria

Nilipokuwa mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza, chama cha wanafunzi nilichokuwa mwanachama wake kilikuwa na tovuti. Ilikuwa imeundwa na mwanafunzi mmoja wa sayansi ya tarakilishi aliyependa ushairi, akitumia WordPress, programu ambayo yeyote anaweza kuichukua bila malipo. Mwanafunzi yule alihitimu, akamwachia katibu nywila. Katibu naye alihitimu, akamwachia mwingine. Kila aliyeshika zamu aliona juu ya ukurasa maandishi madogo ya kumwarifu kwamba kuna toleo jipya, akayapuuza. Asubuhi moja ya Jumatatu tuliifungua tovuti ile tukakuta matangazo ya kamari na ya dawa za kupunguza unene. Hadithi fupi, mashairi na ngonjera za wanachama zilizokusanywa kwa muda wa miaka sita hazikuwapo. Nakala ya akiba haikuwapo pia. Mtaalamu tuliyemwita hakuchukua hata nusu saa kutueleza kilichotokea. Mojawapo ya programu ndogo zilizoambatishwa kwenye tovuti ilikuwa na ufa uliojulikana kwa zaidi ya mwaka mzima, na kiraka chake kilikuwa kimekwisha tolewa, tena bure. Kilichokosekana ni mtu wa kukishona.

Simsimulii msomaji kisa hiki kwa nia ya kumlaumu mtu, maana mimi mwenyewe niliyaona maandishi yale nikayapita. Nakisimulia kwa sababu kila ninapolitaja suala hili mbele ya wanafunzi wenzangu wa Kiswahili, jibu ninalolipata aghalabu ni moja tu: hayo ni mambo ya watu wa sayansi. Msimamo wangu katika makala haya ni kinyume cha jibu hilo. Nashikilia kwamba usalama wa programu huria ni, kwa sehemu kubwa, suala la usomaji na uhariri wa matini, na kwamba sisi tunaofunzwa kusoma, kulinganisha na kuhariri matini tuna la kusema na la kufanya.

Kwanza tuelewane kuhusu istilahi. Programu huria ni programu ambayo msimbo wake, yaani maandishi yaliyoandikwa na binadamu kabla ya kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, umewekwa wazi ili kila mtu ausome, aunakili, aubadilishe na kuusambaza. Wanatafsiri wangeuita matini chanzi, na sidhani kwamba wangekosea. Vyuo vyetu vimezungukwa na programu za aina hii ingawa ni nadra kuzitambua. Koha, ambayo maktaba kadhaa za vyuo vikuu huitumia kuorodhesha vitabu, ilizaliwa New Zealand mwaka 1999 kwa ajili ya maktaba za eneo la Horowhenua, na jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. DSpace, inayoendesha hazina za kidijitali ambamo tasnifu huhifadhiwa, ilitolewa mwaka 2002 na chuo cha MIT cha Marekani kwa ushirikiano na kampuni ya Hewlett-Packard. Moodle, ambamo wanafunzi wengi huwasilisha kazi zao, nayo ni huria. Hali kadhalika simu nyingi zilizomo mifukoni mwetu huendeshwa na Android, ambayo kiini chake ni Linux, kazi aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki. Tasnifu ninayoiandika sasa kuhusu tenzi itaishia ndani ya mojawapo ya hazina hizo. Chombo kikiingia maji, nami nimo.

Wapenzi wa programu huria wana imani moja kuu. Huamini kwamba maadamu msimbo uko wazi, macho ya wengi yanautazama, na kwa hiyo kosa halina pa kujificha. Imani hii ina ukweli ndani yake, lakini inachanganya mambo mawili yaliyo mbali. Kuwa wazi si kusomwa. Hapa mwanafunzi wa fasihi hahitaji kuelezwa mengi. Naende kwenye rafu za maktaba, afungue kitabu, atazame karatasi ile inayogongwa mihuri ya tarehe za kurudisha. Vimo vitabu ambavyo mhuri wake wa mwisho una umri mkubwa kuliko wake yeye. Rafu ziko wazi, mlango uko wazi, msomaji hayupo.

Ndivyo ilivyokuwa kwa OpenSSL, programu inayofumba mawasiliano ya tovuti ili wadukuzi wasiyasome. Katika toleo lake la Machi 2012 liliingia kosa dogo ambalo baadaye lilipewa jina la Heartbleed. Mashine mbili zinapozungumza, moja humtumia mwenzake neno fupi na kumtajia urefu wa neno lenyewe; mwenzake hulirudisha kama lilivyo ili kuthibitisha kwamba bado yupo. Mwandishi wa sehemu ile alisahau kuhakiki kwamba urefu uliotajwa ndio urefu wa kweli. Ukituma neno la herufi tatu ukadai kwamba ni la herufi elfu sitini na kitu, mashine ilikurudishia neno lako pamoja na chochote kilichokuwa kando yake katika kumbukumbu: nywila za watu, barua zao, hata funguo za siri za tovuti yenyewe. Mkaguzi wa kazi ile naye hakuliona pengo. Lilikaa hapo hadi Aprili 2014, likiwa katika mamia ya maelfu ya seva. Ilipochunguzwa hali ya mradi, ikabainika kwamba programu iliyotegemewa na mabenki na serikali za dunia ilikuwa ikipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka na ilikuwa na mfanyakazi mmoja tu wa kudumu.

Kisa kinachonisumbua zaidi, hata hivyo, si cha ufa ulioachwa wazi bali cha kiraka kilichotoboa. Debian ni mkusanyo mkubwa wa programu huria unaotunzwa na watu wa kujitolea, kila mtunzaji akiwa na vifurushi vyake. Mwaka 2006 mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL katika Debian alikuwa akishughulikia malalamiko ya Valgrind, chombo cha kukagulia programu. Valgrind ilionya kwamba mistari miwili ya msimbo ilikuwa ikisoma sehemu ya kumbukumbu ambayo bado haijaandikwa kitu. Kwa kawaida hilo ni kosa. Mtunzaji aliwauliza wasanidi wa OpenSSL iwapo mistari ile yaweza kuondolewa, hakupata pingamizi la maana, akaiondoa. Onyo likakoma. Programu ikaendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna lililotokea.

Kumbe mmoja wa mistari ile ndio uliokuwa roho ya programu nzima. Funguo za siri huundwa kwa kuchanganya mambo yasiyotabirika, mfano wa mchezaji anayechanganya karata, na mstari ulioondolewa ndio uliokuwa ukileta karata mezani. Tangu Septemba 2006 hadi Mei 2008 mashine zilizotumia Debian na jamaa zake, Ubuntu ikiwemo, ziliunda funguo kwa kutegemea takriban kitu kimoja tu, yaani namba ambayo mfumo huipa kila programu inapoanza kazi, na namba hiyo haikuzidi 32,768. Mwizi hakuwa na haja ya kuvunja kufuli. Alihitaji kujaribu funguo elfu thelathini na kitu, kazi ambayo tarakilishi haiionei uvivu. Luciano Bello wa Debian ndiye aliyeligundua jambo hili, na tangazo likatolewa tarehe 13 Mei 2008. Ikumbukwe kwamba kiraka kilichotoka siku hiyo kilitengeneza programu, hakikutengeneza funguo. Kila ufunguo uliozaliwa katika miezi ile ishirini ulipaswa kutupwa na mwingine kuundwa, hata kama ulikuwa umekwisha pelekwa kwenye mashine isiyojua Debian ni nini.

Aliyewahi kushughulika na miswada ya tenzi za kale iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu anakijua kisa hiki kwa jina jingine. Mhariri hukutana na neno asilolielewa. Linaonekana kama kosa la mnakili. Hulibadilisha kwa neno analolijua, ubeti ukasomeka vizuri, vina vikakaa, na msomaji wa kawaida asione pengo lolote. Miaka ikipita anatokea mtu wa Lamu au Pate akasema kwamba neno lile lilikuwa la Kiamu cha kale, na kwamba ndilo lililobeba maana ya ubeti. Kufikia hapo toleo lililosahihishwa limekwisha nukuliwa, limefundishwa, limefanyiwa uchambuzi na watahiniwa wameliandikia insha. Kulisahihisha toleo hakuwafuti wote waliokwisha kulitegemea. Mhadhiri wangu mmoja ana kanuni anayoirudia kila muhula: usichokielewa usikifute, kiwekee alama. Sina hakika kama amewahi kuisikia Debian, ila ningetamani mtunzaji yule awe alikaa katika semina yake.

Kisa cha pili ni cha karibuni. Ndani ya takriban kila mfumo wa Linux imo programu ndogo iitwayo xz, ambayo kazi yake ni kubana faili ili zichukue nafasi ndogo. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja wa Ufini, Lasse Collin, kwa wakati wake wa ziada na bila malipo. Mwaka 2021 alijitokeza mtu aliyejiita Jia Tan akaanza kutoa msaada: marekebisho madogo madogo, yenye adabu na yenye manufaa. Mwaka uliofuata walizuka watu wengine wenye majina yasiyojulikana kokote, wakawa wanamlaumu mtunzaji kwamba anachelewa, kwamba kazi inamfia mikononi, kwamba heri ampe mwingine usukani. Collin alijibu kwamba afya ya akili ilikuwa imemsumbua kwa muda mrefu, na akawakumbusha kwamba kazi ile ni ya kujitolea. Hatimaye Jia Tan alipewa ruhusa ya kutoa matoleo. Februari na Machi 2024 yakatoka matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, na ndani yake mlikuwa na mlango wa siri ambao ungemwezesha mwenye ufunguo wake kuingia kutoka mbali katika mashine za watu na kufanya apendalo.

Hapa ndipo kisa kinapomhusu mwanafunzi wa fasihi moja kwa moja. Mlango ule haukuonekana kwa aliyeusoma msimbo uliowekwa hadharani. Sehemu yake kubwa ilifichwa ndani ya faili za majaribio zilizofanana na takataka, na maandishi ya kuuamsha yalikuwamo katika furushi lililosambazwa tu, hayakuwamo katika hifadhi ambamo wasanidi husomea. Kwa lugha yetu, mswada ulikuwa safi, kitabu kilichochapishwa kilikuwa na ubeti wa ziada, na hakuna aliyeviweka viwili hivyo mezani akavilinganisha mstari kwa mstari. Ulinganishaji wa nakala ni somo tunalolifanya kwa shingo upande katika mwaka wa kwanza wa uzamili. Wengi wetu hulihesabu kuwa kazi ya makarani.

Aliyeugundua mlango hakuwa mlinzi wa zamu. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa wasanidi wa PostgreSQL, alikuwa akipima kasi ya mambo yake mengine alipoona kwamba kuingia katika mashine kulichukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Akakumbuka pia malalamiko ya ajabu ya Valgrind aliyoyaona wiki chache kabla ya hapo. Naam, Valgrind ile ile. Mtunzaji wa mwaka 2006 alisikia onyo akalinyamazisha. Freund alisikia onyo akalifuata hadi lilikotoka. Tarehe 29 Machi 2024 alilitangaza jambo hilo, wakati ambapo matoleo yale yalikuwa yamefika katika matoleo ya majaribio ya Debian, Fedora na mifumo mingine kadhaa, lakini yalikuwa bado hayajawafikia watumiaji wengi wa kawaida.

Wengi walioandika kuhusu kisa hiki walimsifu Freund, na anastahili sifa hizo. Mimi humfikiria zaidi Collin. Kosa lake lilikuwa nini? Alichoka. Alibeba peke yake kitu kilichotumiwa na makampuni tajiri kuliko nchi nyingi, na alipojitokeza wa kumpokea mzigo akashukuru. Tunaijua hali hii. Tunawajua wazee wa pwani waliotunza miswada katika masanduku ya familia bila shilingi ya mtu, hadi alipopita mgeni mwenye maneno mazuri akaondoka nayo. Na tuseme ukweli, tunamjua pia mhariri wa jarida la wanafunzi, anayesoma makala arobaini usiku huku wenzake wakimuuliza asubuhi mbona toleo limechelewa.

Kuna atakayesema: basi tuachane na programu huria, tununue zilizofungwa. Siungani naye. Programu iliyofungwa ina nyufa vilevile, tofauti ni kwamba msomaji wa nje haruhusiwi kuzitafuta. Lau msimbo wa OpenSSL na xz ungekuwa siri, Bello na Freund wasingekuwa na kitu cha kufuata. Ninachokikataa ni uvivu wa kudhani kwamba uwazi unajisomea wenyewe.

Nirudi sasa kwenye lugha, ambako nina ugomvi kidogo. Neno kiraka tumelipokea, na kama istilahi halina ubaya. Lakini katika masikio ya Mswahili kiraka kina aibu yake. Nguo ya viraka ni ya asiye na uwezo wa kununua nyingine. Kwa sababu hiyo mtu akiambiwa kwamba programu fulani imetolewa viraka kumi mwaka huu hudhani ni mbovu, ilhali ile isiyotolewa kiraka hata kimoja ndiyo ya kutiliwa shaka, kwa kuwa huenda hakuna anayeisoma. (Mashabiki wa kandanda wa Tanzania wameliokoa neno hili kidogo: mchezaji kiraka kwao ni yule anayeweza kuziba nafasi yoyote, na hiyo ni sifa.) Neno sasisha, lililoenea katika menyu za simu, lina kasoro nyingine. Linadokeza usasa na mtindo. Simu ikiandika kwamba sasisho lipo, mtumiaji hudhani anaongezewa mapambo, akaliahirisha mpaka apate fedha za bando. Haambiwi kwamba mlango wake haufungi. Wala si mtumiaji mdogo tu anayeahirisha. Kampuni ya Equifax ya Marekani ilikuwa ikitumia programu huria ya Apache Struts. Kiraka cha ufa mkubwa wa programu hiyo kilitolewa mwezi wa Machi 2017, wezi wakaingia kupitia ufa huo huo mwezi wa Mei, na taarifa za watu takriban milioni 147 zikaibwa.

Pwani yetu ina neno linalofaa kuliko yote mawili. Jahazi la mbao halingoji kuzama ndipo litengenezwe. Hupandishwa ufuoni kwa msimu, likalazwa ubavu, na fundi akapita mwanya baada ya mwanya baina ya mbao akishindilia pamba iliyotiwa mafuta. Hiyo ndiyo kalafati. Chombo kilichokalafatiwa hakiitwi kibovu, na hakuna nahodha anayeona haya kwa kukifanyia hivyo. Haya ni kufua maji ngamani safari nzima mbele ya abiria. Napendekeza kiraka kibaki kuwa jina la rekebisho moja moja, na kazi nzima ya kukagua na kuziba kwa mpangilio iitwe ukalafati. Najua wapo watakaosema kwamba neno hili halijulikani bara. Hata tarakilishi halikujulikana mpaka lilipofundishwa, na wapo wahadhiri wetu ambao mpaka leo hawalitaki.

Istilahi peke yake haitaziba kitu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, wakathibitisha kwamba jambo hili linawezekana. Tangu hapo tumejivunia tafsiri za menyu na vitufe, lakini tahadhari zenyewe, yaani maelezo yanayosema ufa uko wapi, unamdhuru nani na afanye nini leo, hutolewa karibu zote kwa Kiingereza cha kitaalamu. Mwenye duka la mtandao wa intaneti huko Webuye, au karani wa shule anayetunza matokeo ya mitihani, hawezi kuzisoma hata akitaka. Hii ni kazi ya tafsiri, tena ya aina ngumu na yenye faida kuliko mengi tunayowapa wanafunzi wa mwaka wa nne kuyatafsiri. Tahadhari moja ina maneno mia mbili hivi. Darasa moja la tafsiri, likishirikiana na wanafunzi wa tarakilishi wa kuhakiki maudhui, lingeweza kutoa kadhaa kila wiki. Nimewauliza wahadhiri wawili kuhusu wazo hili. Mmoja alicheka, wa pili ameniomba nimwandikie kurasa mbili.

Kuhusu vyama vyetu vya wanafunzi, ombi langu ni dogo kiasi cha kuchekesha. Kila chama chenye tovuti kiandike katika kumbukumbu za mkutano jina la anayeitunza, siku ya mwezi anayoikagua, na mahali nakala ya akiba ilipo. Zamu ikikabidhiwa, daftari hilo likabidhiwe pamoja na muhuri.

Tovuti ya chama changu cha zamani ilirudi baada ya miezi minne. Hadithi nyingi tulizipata katika barua pepe za waandishi wenyewe, na mashairi kadhaa katika daftari za waliopenda kunakili kwa mkono. Kazi kumi na nne hazijapatikana. Mtunzi wa mojawapo, ambaye siku hizi anafundisha katika shule ya upili, aliniambia kwamba shairi lake lilikuwa na beti tisa na kwamba anazikumbuka nne, pengine na mishororo miwili ya ubeti wa sita. Aliniandikia hizo nne kwenye karatasi. Nimemwomba asizijaze zilizobaki kwa kubuni mpaka tumalize kuwauliza waliokuwa darasa moja naye.